Watoto Watacheza Wapi?

Huku kwetu Maniema ya kusini, mtu akitaka kujenga nyumba huuliza: Maji yako wapi? Shamba liko wapi? Ni nani aulizaye: Watoto watacheza wapi?

Mimi ni mwalimu, na kila siku naiona faida ya mchezo. Mtoto arushaye kijiwe juu na kuokota vingine kabla hakijaanguka, ajifunza kuhesabu na kupima kwa jicho. Wavulana wafungao mpira wa matambara hufanya shauri kwanza: nani upande huu, nani upande ule, mpaka ni wapi. Hapo wajifunza kutii sheria waliyoiweka wenyewe, na kushindwa bila kupigana. Somo hilo ni gumu kulifundisha ubaoni. Nasi twalihitaji sana, maana vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vilitufundisha kinyume chake.

Wazazi wengine husema: Mchezo ni uvivu. Sivyo. Kumsaidia mama ni wema, na kujua jembe ni lazima. Lakini kule Kabambare dhahabu ya Salamabila imewavuta hata watoto, wakabeba mchanga na kuuosha saa ambazo wenzao wako shuleni. Mtoto wa namna hiyo amenyang'anywa darasa na uwanja pamoja. Tena tumwangalie msichana: kaka yake akienda kucheza, yeye yuko kisimani, na mdogo wake mgongoni.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika fungu la 31, wasema kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nchi yetu iliuthibitisha mwaka 1990. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe 11 Juni kuwa siku ya mchezo. Ni vema, lakini karatasi haifyeki majani.

Basi, wazee wa Kasongo na Kabambare, tengeni kiwanja katika kila kijiji, mbali na barabara, wala kisiuzwe. Wazazi, toeni nafasi kila siku kabla jua halijatua, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Nasi walimu tulinde saa ya mapumziko, tusiigeuze kuwa saa ya adhabu. Fyekeni majani tu. Mpira watoto wataufunga wenyewe.