Sambamba na Pamoja: Faili katika Programu Zinazopelekeana Ujumbe

Kiwango cha MPI kilipotolewa mwaka 1994 kilieleza kwa makini jinsi michakato mingi ya programu moja, kila mmoja ukiwa na kumbukumbu yake, inavyopelekeana ujumbe. Kuhusu faili hakikusema kitu. Waandishi wa programu walibaki na njia mbili, zote zenye taabu. Ama mchakato mmoja ulifanywa karani wa wote, ukapokea data za mingine na kuziandika huku hiyo mingine ikisubiri. Ama kila mchakato ulijiandikia faili lake, na programu ya michakato elfu moja ikaacha mafaili elfu moja ya kuunganishwa na mtu baadaye.

Mwaka huohuo watafiti wa IBM, Marc Snir akiwa miongoni mwao, walilichunguza wazo jepesi: kuandika kwenye diski ni mithili ya kutuma ujumbe, na kusoma ni mithili ya kuupokea. Msemaji wa Kiswahili hawezi kulistaajabia wazo hilo. Kitenzi andika kikitiwa katika kauli ya kutendea huwa tayari kimebeba upelekaji: amwandikiaye mamaye hakuishia kwenye karatasi, bali amempelekea habari. Hata hivyo, barua ina mpokeaji, faili halina. Wazo hilo liliingia katika MPI-2 mwaka 1997, lakini faida kubwa ilitoka kwingine, mahali ambapo istilahi iliyoundwa kwa pupa hupaficha: kwenye tofauti baina ya sambamba na pamoja.

Ichukuliwe jedwali ya namba yenye safu mlalo 8,000 na safu wima 8,000, iliyohifadhiwa mlalo baada ya mlalo, kila namba ikichukua baiti 8. Faili zima lina baiti milioni 512. Michakato 16 inagawana jedwali hiyo kwa miraba, minne kwa minne. Sehemu ya kila mchakato, ingawa kwa macho ni mraba mmoja, ndani ya faili imekatikakatika kuwa vipande 2,000 vya baiti 16,000, kila kimoja mbali na kingine. Michakato ikisoma sambamba tu, kila mmoja kwa haja yake, diski hupokea maombi madogo 32,000 yasiyo na mpango. Hakuna aliyekosea, kila mchakato umeomba haki yake. Lakini hakuna aonaye kwamba maombi yote yakijumlishwa ni faili zima, tena kwa mfululizo.

Kusoma kwa pamoja ni jambo jingine. Michakato yote huita utaratibu mmoja, ambao jina lake katika MPI humalizikia kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "wote". Hapo ndipo ROMIO, iliyotengenezwa katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, na Rajeev Thakur, William Gropp na Ewing Lusk, hupata nafasi ya kuyatazama maombi kwa jumla. Katika mfano huu, kila mchakato unaweza kusoma milalo 500 mizima, baiti milioni 32 kwa mkupuo, hata zile usizozihitaji. Kisha michakato hugawiana kwa ujumbe, kila mmoja ukapata mraba wake. Data husafiri mara mbili, na bado kazi kwa kawaida huisha mapema zaidi, kwa kuwa mtandao una kasi na diski huchukia vipande vidogo.

Umoja huo una sharti. Katika msaragambo asiyefika husutwa na kazi ikaendelea. Humu, mchakato usiofika waweza kuisimamisha mingine yote, ikingoja bila kikomo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa "kusoma sambamba" kwa njia zote mbili amenyimwa onyo ambalo neno lilipaswa kumpa: atauweka wito huo ndani ya sharti linalotimizwa na mchakato mmoja tu, na programu itaganda bila ya ujumbe wowote wa kosa. Sambamba ibaki kwa mistari isiyokutana. Kwa wito wa wote, kusoma kwa pamoja kunatosha, japo ni maneno mawili na wapenda istilahi fupi watanung'unika. Sharti lenyewe halihusu kusoma na kuandika tu: katika MPI, hata kulifungua faili na kulifunga ni kazi ya michakato yote ya kundi.