Biskuti za Maria

Juma lililopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Burundi. Tulipokwisha kuulizana habari za watoto na za mashamba, akacheka, akasema, "Kaka, zile biskuti za Maria zipo bado huko Katumba?" Nikamwambia nitazitafuta. Usiku ule sikupata usingizi, na sababu yake nitawaeleza.

Sisi tulizaliwa hapa Katumba, katika makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1972. Katika utoto wetu, miaka ya 1990, biskuti haikuwa kitu cha kila siku. Chakula chetu kilikuwa ugali, maharage na mihogo. Baba alilima tumbaku, naye alipolipwa ndipo aliponunua pakiti moja dukani. Bidhaa nyingi zilikuja kwa garimoshi kutoka Tabora, kwa reli ile ya Kaliua hadi Mpanda. Basi honi ilipolia tulikimbia kutazama, kana kwamba kila behewa limejaa biskuti.

Pakiti yenyewe ilikuwa ya karatasi nyekundu yenye kung'aa. Ndani mlikuwa na biskuti za mviringo, nyembamba, zenye vitundu, na katikati zimeandikwa MARIE. Sisi tuliamini ya kwamba ni jina la Bikira Maria. Bibi hakuturuhusu kuzila kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Mdogo wangu aliitafuna yake pembeni, akiizungusha polepole, ili jina libaki la mwisho.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nikasoma habari zake. Kumbe Maria huyo alikuwa binti wa mfalme wa Urusi. Alipoolewa na mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, mwaka 1874, kiwanda cha Peek Freans cha London kilitengeneza biskuti hiyo kwa heshima yake. Na vile vitundu si pambo: hupitisha mvuke wakati wa kuoka, ili biskuti isivimbe. Kiwanda kile cha London kilifungwa mwaka 1989, lakini viwanda vya nchi nyingi vimeendelea kuoka biskuti za namna ile. Niliporudi likizo nikamweleza Bibi hayo yote kwa majivuno ya mwanachuo. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Na huyo binti wa mfalme, yeye alipewa jina la nani?" Nikanyamaza.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Mwaka mmoja mdogo wangu aliugua malaria, akakataa hata uji. Baba akamnunulia pakiti ya peke yake, akanikabidhi mimi mkubwa: nimpe biskuti mbili asubuhi na mbili jioni. Nikampa moja moja. Zile nyingine nilizila mwenyewe nyuma ya bani la tumbaku. Mtoto hakulalamika. Siku ya pili aliniuliza, "Kaka, wewe huli?" Akanivunjia nusu ya ile moja niliyompa. Nikaila, wala sikusema neno.

Mwaka 2009 Bibi alitaka kurudi Burundi, azikwe kwao, na mdogo wangu akaenda naye ili amtunze. Sisi tulibaki, wengi wa waliobaki walipata hati za uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Asubuhi ya safari nilimpa pakiti nzima, nikakusudia kuungama kwake kosa langu. Kabla sijafungua kinywa, yeye alikuwa amekwisha kuifungua, anawagawia watoto wote waliokuja kuaga. Gari likaondoka.

Basi juzi nilikwenda Mpanda mjini, nikapita duka kwa duka. Biskuti ni nyingi, za krimu, za chokoleti, za nazi, katika mifuko ya plastiki ya kila rangi. Pakiti yetu nyekundu sikuiona. Mzee mmoja mwenye duka akaniambia, "Karani, hizo hazijaletwa miaka mingi."

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia hazipo. Kisha nikamwambia na lile la nyuma ya bani. Akakaa kimya kidogo, halafu akacheka. "Kaka, nalijua siku zote. Baba aliniambia ni mbili mbili. Nilikungoja tu uniambie."

Wazazi wenzangu, nyumbani kwangu sasa nikinunua pakiti, namkabidhi mkubwa awagawie wenziwe. Ila simwachi peke yake nayo. Nakaa papo hapo na kikombe changu cha chai, nangoja aniletee na mimi yangu.