Pembe Ardhini

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Angers, nchini Ufaransa, nilikwenda kuvuna zabibu Savennières, kijiji kilicho kando ya mto Loire, ili nipate karo. Familia iliyonipokea ililima pasipo dawa za viwandani. Siku moja, karibu na sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, mama mwenye shamba alinikabidhi pembe za ng'ombe zilizojazwa samadi, nizifukie ardhini zikae hadi mwisho wa baridi. Baadaye samadi ile hukorogwa majini kwa saa nzima, ikanyunyizwa shambani. Vijana wenzangu, nilisita. Kwetu Bukavu, mtu akionekana akifukia pembe, majirani hawamwulizi habari za kilimo!

Njia hiyo yatokana na mihadhara ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924. Mengi aliyoyanena juu ya nyota siyasadiki hata leo, nami nilimwambia mama yule waziwazi. Akacheka, akanionyesha kilima cha jirani, Coulée de Serrant, chenye hekta 7 hivi, ambacho wamonaki Wasistersiani walikipanda mizabibu mwaka 1130. Katika miaka ya 1970 Nicolas Joly aliacha kazi ya benki akarudi nyumbani kukilima. Mshauri mmoja akamshawishi atumie dawa ya kuua magugu, apunguze gharama. Haikupita miaka mingi, udongo ukabadilika rangi, wadudu wakatoweka. Ndipo alipogeuka, na sasa binti yake Virginie anaiendeleza kazi. Zabibu huchumwa kwa awamu kadhaa, kila kichala kikisubiriwa kiive, na divai huchachuka kwa hamira iliyokuja na tunda lenyewe, hata anywaye aonje kilima kile na si kingine.

Usiku uleule kaka yangu mkubwa alinipigia simu: amekwisha kununua dawa ya magugu kwa ajili ya shamba aliloliacha marehemu baba. Nikamsimulia habari ya udongo wa Joly kwa bidii ya mhubiri. Akanisikiliza hadi mwisho.

«Mdogo wangu, mama mgongo wamwuma. Wewe uko Ulaya. Nani atapalilia?»

Nilikosa jibu. Ujira wa mavuno nikamtumia alipie vibarua, karo nikailipa kwa kuchelewa. Chupa za dawa zikabaki ghalani. Msimu uliofuata akapiga simu tena, akaniuliza swali lilelile.