Folda za Mwalimu: Nini Kionekane Kwanza?

Mwalimu aingiapo darasani asubuhi, huitazama kwanza safu ya mbele. Silisemi jambo hili kwa kulaumu, kwani ndivyo macho ya binadamu yalivyo. Katika makala haya nataka kueleza jinsi nilivyojitengenezea safu ya mbele ya namna nyingine ndani ya kompyuta, na jinsi safu hiyo ilivyonizuia nisimwone mtoto mmoja kwa muda wa karibu miezi mitatu, ingawa jina lake nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka 2022, kabla sijahamishiwa chuoni, nilikuwa nikifundisha Darasa la Pili katika shule moja ya msingi. Nilikuwa nimejipatia kompyuta mpakato iliyokwisha kutumiwa na wengine, na mwenzangu mmoja akanionyesha programu ya kuandikia kumbukumbu iitwayo Obsidian, iliyoanza kutolewa kwa watu mwaka 2020. Niliipenda kwa kuwa haihitaji intaneti ili kufanya kazi, na kwa kuwa kila kumbukumbu huwekwa kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda ya kawaida. Hata programu yenyewe ikitoweka, maandishi yatafunguka kwa programu nyingine. Ndugu wanachuo ambao shule zenu za mazoezi hazina kompyuta wala umeme, msiuruke ukurasa huu. Karibu yote nitakayoyasema yanalihusu pia sanduku la viatu lililojazwa kadi.

Nilianza kwa kuhamisha yaliyokuwa kabatini. Nikafungua folda ya maazimio ya kazi, ya maandalio ya masomo, ya zana, na ya wanafunzi. Ndani ya folda ya maandalio nikaweka folda moja kwa kila siku ya juma. Nilipomaliza nikaitazama orodha, nikaona kwamba juma langu lilikuwa limeanza Alhamisi. Programu ilikuwa imepanga kwa alfabeti: Alhamisi, Ijumaa, Jumanne, Jumatano, Jumatatu. Jumatatu, siku ambayo mwalimu huihitaji kuliko zote, ilikuwa mkiani. Nikajaribu miezi. Agosti ikatangulia, ikifuatwa na Aprili, Desemba na Februari, na Januari ikawa ya tano. Nikaorodhesha madarasa saba, yakaja hivi: la Kwanza, la Nne, la Pili, la Saba, la Sita, la Tano, la Tatu. Kwenye hisabati ndipo nilipocheka kabisa, maana kompyuta ilitaka nifundishe kugawanya kabla ya kujumlisha.

Kicheko hicho kina somo la lugha ndani yake. Maneno yetu huanza kwa viambishi, basi ukiyapanga kwa herufi ya mwanzo vitenzi vyote vitarundikana chini ya "ku-", na majina mengi chini ya "m-" na "ki-". Watunga kamusi walilijua jambo hili zamani. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, anayetaka maana ya "kujumlisha" hutafuta "jumlisha" kwenye herufi J. Nami nikafuata nyayo zao, nikaziita folda zangu "Jumlisha", "Toa", "Zidisha", "Gawanya". Hata hivyo G bado ilitangulia J, na folda katika programu ile haziwezi kupangwa kwa kuzivuta juu au chini upendavyo. Ukiivuta folda, huingia ndani ya nyingine. Dawa ikawa kuzipa namba mbele ya jina: "01 Jumlisha", "02 Toa", na kadhalika. Sifuri ile isidharauliwe. Ziko programu ambazo, isipokuwepo, huweka 10 kabla ya 2. Kwa upande wa tarehe, nilianza kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2022-03-07, kama kielekezavyo kipimo cha kimataifa ISO 8601 cha mwaka 1988. Tarehe zikiandikwa hivyo, mpangilio wa herufi na mpangilio wa siku huwa kitu kimoja.

Hayo yalinichukua jioni mbili, nami nikajiona fundi. Kumbe folda iliyokuwa na hatari ni ile ambayo sikuifikiria, yaani folda ya wanafunzi.

Nilikuwa na watoto 58, na kila mtoto alikuwa na faili lake. Nilipoona jambo la kukumbuka, kwa mfano mtoto amechanganya "b" na "d", au ameanza kusoma silabi zenye konsonanti mbili, nililiandika hapo. Programu ile huruhusu mafaili yapangwe kwa namna sita: kwa jina kuanzia A au kuanzia Z, kwa wakati wa kubadilishwa, na kwa wakati wa kuanzishwa, vipya kwanza au vya zamani kwanza. Mimi nikachagua yaliyobadilishwa karibuni yakae juu. Sababu yangu ilikuwa nzuri. Mtoto niliyemwandika jana ndiye ninayemhitaji leo, kwa nini nimtafute? Kioo changu kilionyesha majina kama 25 bila kuteremsha orodha, nami sikuona haja ya kuteremsha.

Naomba msomaji afuatilie vizuri kilichotokea baada ya hapo, maana hakikutokea kwa siku moja. Mtoto mchangamfu akijibu swali au akifanya utundu, nilimwandika, faili lake likapanda juu. Kesho yake nilipofungua folda nilikutana na jina lake kwanza, nikamkumbuka, nikamwita asome. Aliposoma nikamwandika tena. Aliyeandikwa akazidi kuandikwa. Asiyeandikwa alisukumwa chini kidogo kila siku na wenzake waliompita, hata akavuka ukingo wa kioo na kuingia mahali ambapo macho yangu hayakufika. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Mimi mwenyewe, kama ungaliniuliza, ningaliapa kwamba nawajua watoto wote 58.

Mwezi wa Aprili mama mmoja kijana alinijia wakati wa mapumziko, akiwa amebeba mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwalimu. Nisamehe kukupotezea muda. Huyu binti yangu haachi shule hata siku moja. Juzi nilimpa kadi ya kliniki ya mdogo wake anisomee jina tu, mimi sikubahatika kusoma. Akaitazama, akanirudishia. Akasema, mama, hii kadi haisemi kitu."

Nikamwambia angoje kidogo. Nikaenda ofisini, nikafungua kompyuta, nikateremsha orodha, nikateremsha tena. Jina la binti lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Ndani ya faili mlikuwa na mstari mmoja wa tarehe 24 Januari: "Mtulivu. Hana matatizo."

Nilirudi kwa yule mama nikiwa na kompyuta iliyofungwa kwapani. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuwa nimemsikiliza mwanawe akisoma tangu Januari, na kwamba kosa lilikuwa langu. Yeye ndiye aliyeona haya kwa niaba yangu. Alisema, "Watoto ni wengi, mwalimu," kisha akaenda zake.

Jioni hiyo nilibadili mpangilio kwa kubonyeza mara moja tu: yaliyokaa bila kuguswa kwa muda mrefu yaje juu. Wakajitokeza watoto 11 ambao sikuwa nimewaandika tangu mwezi wa pili. Wote walikuwa wakaaji wa safu za katikati, wasiopiga kelele, wanaonyanyua midomo pamoja na wenzao wakati wa kusoma kwa pamoja. Saba kati yao walisoma vizuri. Utulivu wao ulikuwa utulivu kweli. Wanne hawakuweza kusoma neno la silabi mbili.

Tangu hapo nilifanya desturi kwamba kila Jumatatu, kabla ya kengele, majina matano ya juu katika mpangilio huo mpya ndiyo yatakayosoma mbele yangu mmoja mmoja, kwenye dawati langu, dakika chache kila mtoto. Nikigusa faili, hushuka chini lenyewe, na mwingine hupanda. Mwenye sanduku la kadi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa urahisi zaidi: ukiisha kuandika juu ya kadi ya mtoto, irudishe nyuma ya sanduku, na kesho anza na kadi za mbele.

Lipo jambo moja la kitaalamu ambalo lilinisumbua baadaye. Wakati wa kubadilishwa kwa faili hauelezi kilichobadilishwa. Nikisahihisha mkato katika jina la mtoto, faili huhesabiwa kuwa jipya, na mtoto hushuka chini bila kusomewa. Mafaili yakinakiliwa kwenda mashine nyingine, nyakati zake huweza kuvurugika pia. Kwa hiyo sasa nawashauri wanachuo waandike tarehe wenyewe, kwenye kichwa cha faili, ikiwa sifa inayojitegemea: "alisoma mara ya mwisho". Tangu mwaka 2025 programu hii ina sehemu iitwayo Bases, ambayo hulionyesha kila faili la folda kama mstari wa jedwali, na kila sifa kama safu yake, nawe huchagua safu zipi zionekane na jedwali lipangwe kwa ipi. Ni kama daftari la mahudhurio linalojipanga upya kila likifunguliwa.

Lakini jedwali hilo nalo lilinifikisha pabaya. Nilipolifundisha chuoni mara ya kwanza, nilitumia kumbukumbu zangu halisi za zamani, nikazitupa ukutani kwa projekta. Nilikuwa nimesahau kwamba safu mojawapo iliitwa "Nyumbani", na ndani yake nilikuwa nimeandika mambo niliyoambiwa na wazazi kwa siri: baba amehama, chakula ni mara moja kwa siku. Mwanachuo mmoja aliyeketi mbele alikuwa anatoka kijiji kile kile. Akainamisha kichwa. Nilizima projekta, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusomwa na darasa zima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikwisha kupitishwa mwaka 2022, nami nilikuwa naijua. Kuijua hakukunisaidia kitu siku ile. Siku hizi nafundishia majina ya kubuni, na mambo ya nyumbani nayaandika katika daftari ninalolifungia. Tena ieleweke kwamba kuificha safu katika jedwali si kuifuta. Maneno hubaki ndani ya faili, na yeyote afunguaye faili atayasoma.

Wanachuo huniuliza kama yule binti alijua kusoma. Ilipofika Novemba alikuwa akisoma sentensi fupi, polepole, akifuatisha kwa kidole, na mara nyingine akirudi nyuma neno moja ili apate nguvu ya kwenda mbele. Mwaka uliofuata alifundishwa na mwalimu mwingine, nami nikampa mwalimu huyo karatasi iliyochapwa yenye yale yote niliyoyaandika juu yake tangu Aprili, ukurasa mmoja na nusu. Mstari wa tarehe 24 Januari sikuufuta. Uko juu kabisa ya ukurasa, na mwalimu yule aliponiuliza kwa nini haupatani na yanayofuata, nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi.