Ntilie Wali, Bibi

Mtu wa visiwani ashukapo botini Dar es Salaam, linalomtaabisha mwanzo si joto wala msongamano wa bandarini, bali ni wapi atakula. Kwao suala hilo halimjii. Hula nyumbani kwake, na wakati wa chakula ukimkuta njiani, mlango wowote aupitao hutoa sauti ya karibu. Mji uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022 hauna karibu ya namna hiyo. Ndani yake hula aliye na fedha, au ajuaye pa kwenda.

Bwana mmoja wa Unguja aliyevuka bahari mwezi wa Septemba 2021, kumuuguza dada yake katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, hakuwa na fedha na wala hakujua pa kwenda. Siku ya kwanza aliingia katika hoteli yenye mlango wa kioo, akapewa orodha ya vyakula iliyogandishwa ndani ya plastiki, akala wali uliokwisha kupoa na kuku asiyejua chumvi. Alipoletewa hesabu, ilikuwa sawa na matumizi aliyoyakadiria kwa siku tatu. Siku ya pili alishindia mihogo ya kukaanga. Siku ya tatu njaa ikamfunza adabu ya mji.

Adabu yenyewe ni kutazama watu, si vibao. Kibao huandikwa kwa ajili ya mgeni, na mwenyeji hana haja ya kusomeshwa. Basi bwana yule akakaa kwenye ukingo wa ukuta, akawaangalia walinzi, wafagiaji wa barabara, mafundi wa ujenzi na vijana wa bodaboda, watu ambao hawawezi kumudu kula vibaya kwa sababu mlo wao wa mchana ndio nguvu zao za jioni. Akaona kwamba mji huu una saa zake. Supu ya asubuhi na chapati huwahiwa. Ifikapo saa nne sufuria imebaki mifupa, na anayeuza supu saa tano ana lake jambo. Jioni ni zamu ya chipsi na mishkaki, na huko Kisutu ni kuku wa kuchomwa, na hapo ndipo wageni wengi huanzia na kuishia. Lakini roho ya mji iko baina ya saa sita na saa nane mchana. Ilipofika saa sita na nusu, kijiwe cha bodaboda kikabaki pikipiki tupu. Akawafuata.

Palikuwa chini ya mwarobaini: benchi mbili, meza moja yenye kitambaa cha nailoni, birika la kunawia mikono, na sufuria zimepangwa kwenye majiko ya mkaa. Kifuniko cha sufuria moja kilikuwa kimepaliwa makaa. Alipoyaona makaa yale juu ya kifuniko alijua amefika, kwani ndivyo mama yake alivyokuwa akiupalia wali, ukaiva juu na chini, kila punje imesimama peke yake.

"Karibu, shehe," alisema mwenye sufuria, kwa kuiona kofia. Bwana yule hakuwa shehe, lakini mwenye njaa hasahihishi.

"Ahsante, bibi. Ntilie wali."

Benchi zima likacheka. Bibi, huko Bara, ni mama wa mama au wa baba, na mwanamke yule hakuwa amefika miaka arubaini. Yeye mwenyewe alicheka zaidi kwa hilo la pili. "Shehe, wewe unalisema kama lilivyo," alimwambia. "Hapa wanasema niwekee, au naomba. Ntilie wametuachia sisi iwe jina. Na hata hilo tumeshalikataa. Siku hizi ni mama lishe."

Wapenzi wa lugha wasimame kidogo hapa. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha kazi hii, nacho ni kupakua. Kupakua ni kinyume cha kupakia: jahazi hupakiwa shehena, kisha hupakuliwa, na sufuria kadhalika. Basi kitenzi hicho kinaitazama sufuria, mahala chakula kinapotoka. Kutia kunaitazama sahani, mahala kinapoingia. Na katika nitilie, ambayo ulimi wa haraka umeimeza irabu yake ya kwanza ikawa ntilie, mwenye kusema si mpishi, ni mlaji. Mji mzima ulimpa mwanamke jina kwa maneno ya mwenye njaa anayemwomba. Mfasiri akipewa neno hili alivushe hadi lugha nyingine, atapata mpishi, atapata mchuuzi, na pengine atapata mama. Sauti ya anayenyoosha sahani itamponyoka.

Lishe ni neno la zahanati na la semina. Halina sahani ndani yake. Hata hivyo si mpenzi wa lugha anayeinama juu ya makaa tangu alfajiri huku akiitwa ntilie kwa sauti ya kudharauliwa, na anayeitwa hivyo akitaka kuitwa vingine, pana haja gani ya kumbishia?

Sahani iliyoletwa ilikuwa na wali, maharage ya nazi, mchicha, kachumbari kidogo, na kipande cha tikiti pembeni, kama herufi ya mwisho ya sentensi. Bei ilikuwa shilingi elfu mbili. Mchuzi ukipungua, unaongezewa bila ya malipo. Asiyeomba nyongeza huonekana ama mgonjwa ama mgeni. Baadhi ya mafundi hawakulipa siku ile. Waliandikwa katika daftari la shule lenye jalada lililolowa mafuta, wakalipa siku ya mshahara. Huo nao ni utamu wa chakula, ingawa hauonjwi kwa ulimi.

Akawa mtu wa hapo. Baada ya wiki moja alianza kubeba hotipoti, kwa kuwa dada yake, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hana hamu ya kitu chochote, aliuonja mchuzi wa maharage yale na akauliza kesho yake kama upo tena.

Mwezi wa Oktoba 2021 lilitekelezwa agizo la kuwaondoa wamachinga kando ya barabara za Dar es Salaam na kuwapeleka katika maeneo yaliyotengwa, na mama lishe wakakumbwa pamoja nao. Haitakuwa insafu kusema agizo lile halikuwa na sababu. Njia za waendao kwa miguu zilikuwa hazipitiki. Lakini muuza viatu akihamishwa, mnunuzi anaweza kumfuata Jumamosi. Fundi mwenye nusu saa ya kula hamfuati mtu kwa daladala mbili. Mpishi wa namna hii akitengwa na walaji wake, si kwamba amehama, amefungiwa.

Bwana yule alifika chini ya mwarobaini na hotipoti yake mkononi, akakuta majivu yaliyofagiwa nusu na alama nne za miguu ya meza. Akasimama. Upande wa pili wa barabara mlango wa kioo ulikuwa wazi kama siku zote.

Akaenda kijiweni. "Mama yupo, shehe," kijana mmoja wa bodaboda alimwambia, akashuka kwenye pikipiki yake ili wafuatane kwa miguu, kwani haikuwa mbali. Walipita uchochoro, wakapinda nyuma ya gereji, wakaingia geti la mabati lisilo na kibao. Ndani, baina ya magari yasiyo na magurudumu, walikuwako wale wale: walinzi, mafundi, benchi mbili, sufuria na makaa juu ya kifuniko. Wali sasa ulikuwa elfu mbili na mia tano, mwanamke yule alieleza kabla hajaulizwa, maana mwenye uwanja naye anataka chake.

"Mgonjwa anaendeleaje, shehe?"

"Anakula," alijibu, akamnyooshea hotipoti.