Barua haijapotea, iko kwenye mlolongo

Kati ya jamaa zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini kuna neno linalosikika mara nyingi: "Niliandika, lakini hawakunijibu." Neno hilo limetoa watu machozi, na mara nyingine limevunja undugu. Mama anafikiri kaka yake amemsahau. Kijana anaamini mjomba aliye Uvira hataki mzigo wa wakimbizi. Siku zinapita, na mtu anaacha kuandika. Lakini inatokea kwamba yule ndugu hakupokea kitu. Barua ilikuwa ingali hapa hapa mjini, ndani ya kompyuta ya ofisi iliyoituma, imesimama mstarini pamoja na nyingine nyingi, ikingoja njia ifunguke.

Kompyuta hiyo mafundi wanaiita seva ya barua pepe. Kazi yake inafanana na ile ya ajensi ya mizigo kwenye bandari ya Goma. Mtu analeta kifurushi cha kwenda Bukavu, na ajensi inakiandika kwenye daftari. Boti ikiwepo, kifurushi kinaondoka. Ziwa likichafuka ao boti ikikosa, kifurushi hakitupwi. Kinawekwa pembeni, na kesho wanajaribu tena. Seva nayo ina daftari lake. Barua ikipokelewa upande wa pili, inaondolewa kwenye daftari. Ile isiyopata njia, ao iliyoambiwa irudi baadaye, inabaki kwenye mlolongo.

Moja ya programu zinazofanya kazi hiyo inaitwa Postfix. Iliandikwa na Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, na ikatolewa mwaka 1998. Mtu asipobadilisha mipango yake, Postfix inajaribu tena barua iliyokwama baada ya dakika chache, kisha inaongeza muda wa kungoja, hadi kufika saa moja na kidogo kati ya jaribio na jaribio. Inaendelea hivyo kwa siku 5. Siku hizo zikiisha, inakata tamaa na kumrudishia mwandishi taarifa kwamba barua imeshindikana. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: ndani ya siku hizo 5 mwandishi haambiwi kitu, isipokuwa kama fundi ameipanga seva itoe onyo. Kwake yeye ni kimya tu, na kimya hicho anakihesabu kuwa jibu.

Wakongomani wanakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba. Kesho yake intaneti ikakatwa, na ikarudi baada ya siku karibu 20, mwezi wa Januari 2019. Kwa seva yenye mpango wa siku 5 na isiyokuwa na njia nyingine, hesabu ni rahisi. Aliyeandika tarehe 2 Januari, barua yake ilimaliza siku zake kabla ya intaneti kurudi. Aliyeandika tarehe 17, yake ilikuwa bado hai. Watu wawili wa ofisi moja waliweza kupata matokeo tofauti kabisa, na hakuna ndugu aliyekuwa na kosa. Mwisho wa Januari 2025 pia, vita vilipoingia mjini Goma, umeme na intaneti vilikatika. Anayejua mambo hayo hatasema haraka kwamba ndugu amekataa kujibu.

Lakini mlolongo haujazwi na vita peke yake. Mwaka 2024, wakati kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilikuwa zimejaa watu, kulikuwa ofisi moja ya Goma iliyosaidia wahami kuwaandikia jamaa zao na kuuliza habari za waliopotea. Asubuhi moja wafanyakazi walilalamika kwamba barua hazifiki. Fundi wao, kijana asiyesema sana, alifungua daftari la seva kwa amri ya mailq. Mistari ikaanza kushuka bila kuisha. Yalikuwa maelfu ya mesaji. Mwizi alikuwa ameiba neno la siri la mfanyakazi mmoja, na kwa jina la mama huyo akatuma usiku kucha matangazo ya uongo ya pesa na bahati nasibu. Seva za mahali pengine zilipoona takataka zile, zilianza kuifungia mlango ofisi nzima: rudini baadaye.

Mkuu wa ofisi alitaka jambo liishe haraka. Alisema vyote vifutwe, kazi ianze upya. Amri ya kufanya hivyo ipo, na ni fupi: postsuper -d ALL, neno la mwisho likiandikwa kwa herufi kubwa. Ikipita, mlolongo wote unafutika, na hakuna kurudi nyuma. Fundi aliweka mikono magotini. "Papa, ndani ya hizi kuna barua za watu," akasema. Mkuu alitazama saa, kisha akampa muda hadi jioni.

Kitu cha kwanza alichofanya fundi kilikuwa kubadilisha neno la siri lililoibiwa. Huwezi kupangusa maji ndani ya nyumba wakati bomba bado liko wazi. Baada ya hapo akaanza kuchambua.

Hakufungua barua hata moja. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu barua ya mtu aliyekimbia inaweza kutaja mahali anapojificha, ao jina la mtu anayemtafuta kwa ubaya. Daftari la mlolongo linatosha. Kila barua ina namba yake, ukubwa wake, siku na saa iliyoingia, aliyeituma na anayetumiwa. Ikiwa imekwama, sababu inaandikwa ndani ya mabano. Mtu akiweza kutafuta kwa vitu hivyo, hana haja ya kusoma siri za wengine.

Akahesabu kwanza kwa jina la mtumaji. Jina moja lilibeba karibu mlolongo wote, ndilo lile lililoibiwa. Hakulifuta papo hapo. Kwa amri ya postsuper -h alizisimamisha mesaji zake zote, kama mtu anayepeleka mizigo ya mashaka kwenye chumba cha pembeni. Sababu yake ilikuwa nzuri: mama yule aliyeibiwa jina alikuwa pia na barua zake za kweli mle ndani. Fundi akatazama saa. Zilizoingia kabla ya usiku wa wizi zilikuwa za mama. Akatazama pia wanaotumiwa, akatambua anwani za ofisi wanazoshirikiana nazo kila siku. Hizo akazifungulia kwa postsuper -H. Zilizobaki, alipokuwa na hakika, ndizo alizofuta.

Sasa mlolongo ulikuwa mfupi, na sababu zilizo ndani ya mabano zikasomeka. Seva zinapojibizana hutumia namba. Jibu linaloanza na 5 ni la mwisho, kwa mfano pale ambapo anwani haipo, na barua hiyo inarudishwa mara moja. Linaloanza na 4 maana yake ni kwamba bado kuna tumaini: sanduku la ndugu limejaa, ao seva ya kule haipokei kwa sasa. Barua za namna hiyo ndizo zinazobaki kungoja. Fundi akazipanga kwa umri, zilizokaa zaidi zikiwa juu.

Moja iliyokuwa juu iliingia siku 4 nyuma. Ilikuwa imeandikwa kwa niaba ya mama mmoja kutoka Masisi, aliyetengana na kijana wake kwenye barabara ya Sake. Ilikwenda kwa ofisi moja ya mkoa wa Kigoma, Tanzania, mkoa wenye kambi ya Nyarugusu ambako Wakongomani wengi wanaishi. Seva ya kule ilikuwa imejibu: rudini baadaye. Kama ingepita siku moja zaidi, barua ingerudishwa kwenye sanduku la ofisi. Sanduku hilo lilikuwa limejaa mamia ya taarifa kama hizo, na hakuna mtu angeiona. Kama amri ya kufuta yote ingepita asubuhi, hata taarifa hiyo haingekuwepo.

Saa za mchana takataka zilikuwa zimeisha kutoka. Fundi aliisukuma barua ile peke yake kwa postqueue -i. Hakusukuma mlolongo mzima, kwa sababu kulazimisha barua zote kila mara kunachelewesha hata zile ambazo njia yao iko wazi. Safari hii seva ya Kigoma ilikubali.

Jibu lilikuja juma lililofuata. Jina la kijana halikuonekana kule. Mama alielezwa taratibu, amekaa. Aliuliza kitu kimoja tu, barua ilitoka siku gani. Alipoambiwa, alisema afadhali kujua, kisha akaomba jina la kijana lipelekwe kwa Msalaba Mwekundu, wenye kazi ya kutafuta jamaa waliotengana, na kwa watu wake wa Minova. Kwa majuma mengine angekuwa bado anatazama upande wa Kigoma.

Tangu siku ile, fundi anatazama mlolongo kila asubuhi kabla ya kazi nyingine, na seva imepangwa kumpa mwandishi onyo ikiwa barua imekaa saa 4 bila kutoka. Si jambo la feza nyingi. Ni mstari mmoja tu kwenye mipango ya seva.

Kwa jamaa zinazoandika kupitia ofisi, shule ao parokia, kuna mambo machache ya kushika. Msiulize tu kama wamejibu. Ulizeni kwanza kama barua imetoka, na ilitoka tarehe gani. Someni anwani herufi kwa herufi kabla haijatumwa, kwa sababu herufi moja ikikosewa barua inaweza kurudi ao kufika kwa mtu mwingine. Siku 5 zikipita bila habari, rudini mkaulize tena, bila haya. Na anayefanya kazi ofisini asimpe mtu neno lake la siri, hata rafiki, kwa sababu jina moja likiibiwa linaziba njia ya watu wote.

Kwa wakubwa wa ofisi, jambo ni moja. Mlolongo ukijaa, si jalala la kuchoma moto. Utafuteni kwa mtumaji, kwa anayetumiwa, kwa sababu na kwa siku, kisha ondoeni kilicho kibaya peke yake. Kati ya maelfu ya mistari, mmoja unaweza kuwa wa mama anayeuliza mtoto wake yuko wapi.