Wasiopanda Treni

Kangema,
Murang'a.
13 Desemba 2020.

Kwako mama yangu mpendwa,

Naendelea kukuita mama ingawa nilikubeba mgongoni, kwa kuwa jina la cucu, nyanya yako, ulipewa wewe, na desturi ni desturi. Mwenye jina hajambo. Magoti humsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda hutembea hadi langoni na kurudi, akiuliza kila apitaye ni mtoto wa nani. Baba yako naye sukari yake imetulia. Chai tunachuma, bonasi ya Oktoba imeshalipa madeni yake, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu safari ya Mombasa. Nimeamua kukujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu tungeanza kubishana kabla sijafika katikati. Mpango wako nimeuelewa hivi: mnaondoka Nairobi kwa treni tarehe 24, mnakaa pwani siku nne, watoto wanapelekwa Wild Waters kule Nyali wakateleze majini kama mlivyowaahidi, kisha tarehe 28 mnakuja moja kwa moja Kangema kufunga mwaka na cucu. Malipo ya kwanza ya hoteli mmeshatoa. Na umemalizia kwa kusema kwamba serikali haijakataza mtu kusafiri.

Nianze na hilo la serikali. Mwezi wa Aprili hukuwa na la kuamua. Tarehe 6 Rais alifunga eneo la Nairobi kwa sababu ya korona, na kwa upande wetu mpaka ukawa daraja la mto Chania, pale Thika. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa. Mei tulipomzika mdogo wake cucu, walioruhusiwa kaburini walikuwa watu 15, nawe ulibaki ng'ambo ya Chania ukifuatilia mazishi kwa simu. Iliuma, lakini hakuna aliyekulaumu, kwa maana askari alikuwa darajani. Julai tarehe 7 barabara zikafunguliwa, treni ya Madaraka Express ikarudi kubeba abiria siku chache baadaye, na uamuzi aliokuwa nao yule askari ukaja kwetu. Tangu hapo, kusema kwamba haijakatazwa ni kusema nusu ya maneno.

Sisi wa Kangema tusisahau kwamba mbunge wetu, marehemu John Michuki, ndiye aliyewafunga Wakenya mikanda katika matatu mwaka 2004. Watu walinung'unika, wakatii, ajali zikawa gumzo jingine. Lakini mkanda hukinga kifua cha aliyeufunga. Usipoufunga, wa kwanza kuumia ni wewe. Ugonjwa huu umegeuza hesabu hiyo: kijana wa miaka 30 huenda akapata mafua ya siku tatu na kurudi kazini, na mzee aliyemshika mkono ndiye akalazwa. Mwaka huu matatu ya watu 14 iliambiwa ibebe 8. Simama stendi ya Kangema jioni ya siku ya soko uhesabu vichwa madirishani, utaona sheria inafika wapi isipokuwa na mtu wa kuisimamia.

Wala usitafute jibu katika lango lililofunguliwa au lililofungwa. Marekani, bustani ya michezo ya Disneyland kule California ilifungwa Machi na mpaka leo haijafunguliwa. Ndugu yake wa Florida, kampuni ile ile, alifungua Julai. Ugonjwa ni mmoja na nchi ni moja, ila magavana ni wawili. Mzazi aliyeko Florida bado inabidi akae mezani na kuamua, na lango wazi halimsaidii kujua mama yake mzazi ataamkaje baada ya wiki mbili.

Hali yetu wenyewe unaijua. Novemba ndio umekuwa mwezi mbaya kuliko yote tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe tarehe 13 Machi. Mwezi huo pekee uliongeza wagonjwa zaidi ya 25,000, na sasa nchi nzima imepita 90,000. Nairobi na Mombasa, yaani mnakotoka na mnakokwenda, zimo katika orodha ya mbele. Kisha Jumatatu iliyopita wauguzi na maafisa wa kliniki walianza mgomo, wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Siku hiyo hiyo akafariki daktari kijana, Stephen Mogusu, mwenye miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos. Sikuandikii haya nikutishe. Nakuandikia kwa sababu, ikitokea cucu akabanwa na kifua usiku wa mwaka mpya, atakayepiga simu ni mimi, na sijui nani atapokea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika safari hii nakuomba uwakatalie wahenga. Ulipopanga uliwahesabu wanne: wewe, mume wako na watoto wawili. Wote ni wazima, na kwa hesabu ya hao wanne safari ni nzuri. Mimi ningeanza na wale ambao hawapandi treni. Kuna cucu, mwenye miaka 84. Kuna baba yako na sukari yake. Kuna dada wa kazi, ambaye mtampa ruhusa mkirudi, naye atapanda basi kwenda kwa mama yake akiwa amefua nguo zenu za pwani. Na kuna mwalimu atakayempokea mtoto tarehe 4 Januari, darasani, pamoja na watoto wa wenzako. Hao wote wamo safarini bila tiketi, na hakuna aliyewauliza.

Utaniambia cucu umemuuliza, na kweli umemuuliza. Alikujibu, "Njooni, mimi nimeishi vya kutosha." Nilikuwa nimeketi karibu nikasikia. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba huyu mama hajawahi kumwambia mjukuu asije. Aliishi katika kijiji cha hali ya hatari mwaka 1954, akiwa msichana, chini ya kafyu yenye bunduki, kwa hiyo hii ya saa nne usiku haimshtui. Ukimuuliza kama anawataka watoto, atasema ndiyo, hata kama unawaleta na moto mkononi. Kwa hiyo ndiyo yake si ruhusa ya kukutosha. Kuna watu ambao upendo umewanyima uwezo wa kukataa, na hao inabidi sisi tuwakatalie.

Halafu tazama kalenda. Gredi ya 4 inafunga Jumatano tarehe 23, na shule zote zinafunguliwa Jumatatu tarehe 4 Januari. Hizo ni siku 12. Mtu anayetaka kuwa na hakika hajabeba kitu hukaa kando siku 14. Mkitoka pwani tarehe 28, siku hizo zinaisha tarehe 11 Januari, wiki nzima baada ya kengele ya shule. Maana yake ni kwamba likizo hii haina nafasi ya Mombasa na Kangema kwa pamoja. Mambo yote mawili ni mema, ila mmeyapanga katika mfuatano mbaya kuliko wote: kwanza behewa lililofungwa kwa saa tano hivi, hoteli, bwawa la watu wengi, kisha sebule ya mzee.

Najua kinachokuvuta, na si ubinafsi. Uliniandikia kwamba hoteli za pwani zimekufa njaa mwaka huu, na kwamba Mkenya asipokwenda hakuna mzungu wa kuja. Ni kweli. Hapa kwetu kuna kijana wa jirani aliyekuwa mpishi Diani, akarudishwa nyumbani Machi, na sasa anachuma chai kwa kilo. Kwa ajili ya watu kama yeye, usidai pesa zirudi. Waombe wahamishe tarehe, malipo yenu yabaki kwao. Hoteli iliyokaa tupu miezi mingi itafurahi zaidi na mgeni atakayekuja baadaye kuliko na mgeni anayedai. Tiketi za treni hujazikata, kwa hiyo huko hujapoteza kitu. Na hata wakikataa kuhamisha, pesa iliyokwenda imekwenda. Isikuburute nyuma yake.

Kusubiri nako sasa kuna mwisho, jambo ambalo Aprili hatukuwa nalo. Jumanne iliyopita Uingereza ilianza kudunga chanjo, na wa kwanza kuchomwa alikuwa Margaret Keenan, mama wa miaka 90, kule Coventry. Nilimsomea cucu habari hiyo, akauliza kama sindano yenyewe inauma. Haitafika Kangema kesho. Itapitia mlolongo wake, na wenye pesa watatangulia kama kawaida. Lakini inakuja. Ninachokuomba si kuacha maisha. Ni kuvuka kipindi hiki kifupi na wazee wetu wakiwa wote mezani.

Shule zitafungwa tena baada ya tarehe 19 Machi, na likizo hiyo ni ndefu. Lengeni hapo, lakini msiwaapie watoto, maana mwaka huu umetuonyesha kwamba Machi inaweza kuja na yake. Ukiongea na hoteli, iombe tarehe inayoweza kusogezwa zaidi ya mara moja, na wakukubalie kwa maandishi.

Kuhusu watoto, tafadhali usiwaambie "tutaona." Mtoto wa miaka 10 anajua kwamba "tutaona" ni hapana iliyovaa barakoa. Amekaa nyumbani kuanzia Machi hadi Oktoba, na mdogo wake bado yuko nyumbani mpaka sasa. Wana haki ya kukasirika. Wakalishe, waambie ukweli wote: kwamba safari imesogezwa, imesogezwa kwa sababu ya cucu, na kwamba wao ndio wanaofanya jambo hili, si kwamba wanafanyiwa. Mtoto akijua anamlinda mtu, hubeba jambo ambalo mtu mzima hulitupa.

Basi kura yangu ni hii: Mombasa baadaye, Kangema sasa. Hata hivyo, msije kama mnavyokuja kila mwaka, kwa sababu Nairobi yenyewe si mahali pa kutoka ukaenda kumbusu mzee. Njooni na gari lenu, si matatu. Kuanzia leo hadi siku ya kuja, acheni sherehe za ofisi na za majirani. Mwenye kikohozi au homa, hata kidogo, abaki, na hatutamnunia. Mtalala kwangu, si kwa cucu. Naye mtamkuta nje, chini ya ule mparachichi, mchana, barakoa usoni na viti vimeachana. Krismasi ataisikiliza misa redioni kama alivyofanya tangu Machi, na chakula tutakula uani, mvua ikipenda. Ikinyesha tutafungua madirisha yote na kuvaa masweta.

Watoto hawatakosa kitu. Nasikia treni ya abiria ya Nanyuki imerudi mwezi huu baada ya miaka mingi, inapita Sagana na Karatina. Tutaenda kuitazama ikipita, bila kuipanda. Mkubwa, kwa kuwa ni skauti, baba yake na ampeleke Nyeri kwa njia ya Kiria-ini na Othaya, akaone kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki huko Januari 1941. Juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti yeyote ataisoma. Mdogo atachuma chai nami na kulipwa kwa kilo kama watu wengine. Si Nyali, nakubali, na hakuna bomba la kuteleza, ila matope ya Kangema nayo yanajua kazi hiyo.

Kama baada ya kusoma haya bado mtaamua kwenda pwani, sitakununia. Wewe ni mtu mzima na nyumba ni yako. Ila basi nendeni pwani tu, mkae nje penye upepo kuliko ndani, na Kangema msije hadi mwisho wa Januari. Dada wa kazi mpeni likizo yake kabla hamjaondoka, si baada ya kurudi. Kwa cucu nitaeleza mimi, naye atanilaumu mimi, jambo ambalo nimelizoea. Nisichoweza kukubali ni yote mawili, kwa sababu gharama yake ingelipwa na mtu mwingine.

Nisalimie mume wako, na umwambie magurudumu ya gari ayaangalie kabla ya kupanda milima yetu. Nijibu kufikia Ijumaa, ndipo nijue kama nichinje mbuzi au kuku, na magodoro mangapi nianike.

Ni mimi,
Shangazi yako.